Barua Hujibiwa: Juu ya Neno "Waraka" na Matumizi Yake Kanisani

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo yangu, wazee wa kanisa letu hapa Kigali waliniomba nitafsiri kwa Kiswahili maandishi ya kurasa tatu yaliyotoka kwa Askofu. Kanisa letu lina ibada mbili kila Jumapili. Ya kwanza ni ya Kinyarwanda. Ya pili, inayoanza saa tano, ni ya Kiswahili, nayo huhudhuriwa na waliokulia Kongo, waliorudi kutoka Tanzania, madereva wa malori na wafanyabiashara. Maandishi yale yalihusu ndoa. Yalisema kwamba wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani hawatashiriki Meza ya Bwana mpaka watakapoifunga. Kichwa chake cha Kinyarwanda kilikuwa na neno "urwandiko". Mimi niliandika: "Barua ya Askofu kwa Wakristo Wote."

Ilisomwa Jumapili. Baada ya ibada mama mzee mmoja, ambaye ameishi na baba wa watoto wake kwa zaidi ya miaka thelathini bila cheti cha kanisa, alinifuata mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, barua nimeisikia. Sasa jibu langu nimpe nani?" Nilicheka kidogo, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumatano alileta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, aliyoandikiwa na mjukuu wake, akanikabidhi mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeiita barua. Mzee wa kanisa alipojua alikasirika. "Wewe msomi, ungeandika waraka," alisema. "Waraka haujibiwi."

Makala hii imetokana na maneno hayo ya mzee. Nataka kuchunguza kama alisema kweli. Nitaanza na asili ya neno na umbo lake, kisha nitaangalia linavyotumika katika Biblia, katika makanisa na katika magazeti. Mwishoni nitarudi kwa mama yule, kwa sababu bila yeye nisingeona kwamba hapa pana swali.

Asili ya neno

Kwa Kiarabu neno "waraqa" maana yake ni jani, na pia ni karatasi. Katika Kurani limetumika kwa jani la mti, jani ambalo halidondoki bila Mungu kujua. Jani likawa karatasi, na karatasi ikawa kile kilichoandikwa juu yake. Hii ni njia ya kawaida ya maneno kukua, kwani hata sisi tunaposema "nipe karatasi zangu" mara nyingi hatutaki karatasi, tunataka yaliyoandikwa.

Waislamu wanalijua neno hili kwa namna nyingine pia, kama jina la mtu. Waraka bin Naufal alikuwa binamu wa Bi. Khadija. Wapokezi wanaeleza kwamba alikuwa mzee aliyepofuka, Mkristo mwenye elimu ya maandiko, na kwamba ni yeye aliyeambiwa habari za wahyi wa kwanza akathibitisha ukweli wake. Jina lake na neno letu vina mzizi mmoja. Nalitaja jambo hili kwa sababu nilipokuwa mtoto, nikisikiliza bibi yangu akisoma Biblia ya Kiswahili aliyokuja nayo kutoka Karagwe, niliamini kwamba Waraka ni watu. Palikuwa na Warumi, Wakorintho, Wagalatia, Waefeso, basi na Waraka nao ni kabila. Nilidhani Waraka wa Paulo ni wafuasi wa Paulo waliotumwa kwa Warumi. Sikucheka nilipogundua kosa langu. Nilisikitika kidogo, kwa maana nilikuwa nimewazoea watu wale.

Pwani, neno hili lilikuwa neno la kila siku. Kamusi za zamani, ile ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, hulieleza waraka kuwa barua. Nahodha alimwandikia tajiri wake waraka, mume aliyesafiri aliandika waraka kwa mkewe, na mdai alimpelekea mdaiwa waraka. Msemo usemao "waraka ni nusu ya kuonana", ambao siku hizi wengi huusema kwa neno "barua", hauzungumzii askofu wala mtume. Unazungumzia watu wawili wanaopendana ambao bahari imewatenga. Na watu wanaoonana, hata kwa nusu, husemezana. Katika msemo huo waraka unajibiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalopaswa kusema ni kwamba mzee wa kanisa hakuwa sahihi kwa kipimo cha historia. Hakuna chochote katika asili ya neno kinacholifanya liwe zito kuliko barua. Maneno yote mawili yamekopwa Kiarabu, na yote mawili yalitembea katika mifuko ileile ya wasafiri. Uzito wa waraka umekuja baadaye. Swali ni umetoka wapi.

Umbo la neno

Kabla ya kulijibu swali hilo, nataka kukaa kidogo kwenye umbo, kwa sababu wanafunzi wengi hukosea hapa na kosa lao linafundisha.

Katika Kiarabu herufi ya mwanzo, w, ni sehemu ya mzizi. Haiondoki. Wingi wa Kiarabu ni "awraq". Lakini Waswahili waliposikia waraka, walisikia neno linalofanana na wimbo, wembe na wakati. Wimbo huwa nyimbo, wembe huwa nyembe. Basi wakati, ambalo nalo ni la Kiarabu, likawa nyakati, na waraka likawa nyaraka. Ile w ya mzizi ilichukuliwa kana kwamba ni kiambishi. Neno geni liliingizwa katika ngeli ya U-ZI kama mtoto wa nyumbani: waraka huu umefika, nyaraka hizi zimefika.

Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili ana bahati hapa, ingawa walimu wetu hawatuambii mara nyingi. Lugha yetu ina ngeli ileile. Sisi tunasema urwembe, inzembe, ambapo Waswahili wanasema wembe, nyembe. Tunasema urufunguzo, imfunguzo, nao wanasema ufunguo, funguo. Na tunasema urwandiko, inzandiko, pale wanaposema waraka, nyaraka. Kiambishi cha ru- kimechakaa katika Kiswahili kikabaki u- au w-, lakini mlango ni mmoja. Nikiwaona wenzangu wanaandika "waraka hii" au "mawaraka", huwa nawaambia wafikirie urwandiko. Mara moja wanasema "waraka huu".

Kosa langu la utotoni la kufanya Waraka kuwa watu lilitokana na umbo hilohilo. Wa- ya waraka inasikika kama wa- ya watu. Nimewahi kukuta katika insha ya mwenzangu sentensi "waraka wa maaskofu wamesomwa". Huyu hakukosea kwa uzembe. Alisikia wa- mara mbili akatoa hesabu ya watu. Nasi tunaofundisha wenzetu tungefanya vema kulifundisha neno hili pamoja na wingi wake tangu siku ya kwanza, maana wingi ndio unaoonyesha ngeli.

Waraka katika Biblia

Sasa turudi kwenye uzito. Naamini uzito wa neno hili umetoka sehemu mbili: Biblia na ofisi. Naanza na Biblia.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo ndiyo bado inasomwa na Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki, imeyaita maandishi ya mitume "Waraka". Kuna Waraka wa Paulo Mtume kwa Warumi, kuna nyaraka mbili kwa Wakorintho, na kadhalika. Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa baadaye kwa Kiswahili chepesi, imetumia "Barua". Watafsiri wa kwanza hawakuwa wakitafuta neno la kutisha. Walichukua neno lililotumika sokoni na bandarini. Lakini Biblia ina tabia ya kuyahifadhi maneno. Barua iliendelea kuzoeleka mtaani, waraka ukabaki katika kitabu, na watoto waliozaliwa baadaye wakalikuta neno hilo kanisani tu. Neno ambalo mtu hulikuta kanisani tu hulichukua kuwa la kanisa. Ndivyo lugha ya kila siku ya kizazi kimoja inavyogeuka lugha takatifu ya kizazi kingine, bila mtu yeyote kuitakasa.

Hata hivyo, nikiisoma Union Version kwa makini naona kwamba watafsiri wenyewe walikuwa wameanza kuyatenga maneno haya mawili. Chukua Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Katika sura ya tatu Paulo anawaambia waumini kwamba hahitaji maandishi ya kumsifu kwao, kwa kuwa wao wenyewe ndio maandishi yake, yaliyoandikwa mioyoni. Hapo Kiswahili kimetumia "barua". Katika sura ya kumi anawanukuu wapinzani wake wanaosema kwamba maandishi yake yana nguvu ilhali yeye mwenyewe akiwapo ni dhaifu. Hapo Kiswahili kimetumia "nyaraka". Katika Kigiriki neno ni moja, epistole, lililotokana na kitenzi cha kutuma. Kiswahili kimeligawa. Pale penye moyo na watu pamewekwa barua. Pale penye uzito na mamlaka pamewekwa nyaraka. Sijui kama mgawanyo huo ulikusudiwa, lakini msomaji wa leo hawezi kuacha kuusikia.

Habari Njema imeziba pengo hilo kwa kutumia barua. Wapo wanaoilaumu kwa kuyashusha maneno ya mtume. Mimi nadhani lawama hiyo inahitaji kupimwa kwa swali ambalo mwanachuoni wa Kijerumani Adolf Deissmann aliliuliza zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1908. Deissmann alilinganisha maandishi ya Paulo na barua za mafunjo zilizofukuliwa Misri, barua za askari, za watumwa na za wanawake waliowaandikia waume zao. Akasema kuna tofauti kati ya barua halisi, ambayo mtu fulani humwandikia mtu fulani kwa haja fulani, na maandishi ya kifasihi yaliyovishwa umbo la barua ili yasomwe na kila mtu. Kwake yeye, Paulo aliandika barua halisi.

Mfano mzuri ni Filemoni. Ni maandishi ya aya 25 tu. Paulo akiwa kifungoni anamwombea Onesimo kwa Filemoni, bwana wake, anasema atalipa kama kuna deni, na mwisho anaomba atayarishiwe mahali pa kulala. Mtu anayeomba chumba anatarajia jibu. Nikiliita hilo "waraka" kwa maana ya leo, yaani maagizo yasiyojibiwa, nimelipotosha. Kwa upande mwingine, kile kinachoitwa Waraka kwa Waebrania hakianzi hata kwa salamu, na kinafanana zaidi na hotuba. Kukiita barua hakusaidii sana.

Lakini Deissmann naye hamalizi neno. Katika Wakolosai, Paulo anaagiza maandishi yake yakishasomwa kwao yapelekwe yakasomwe Laodikia, na ya Laodikia yaletwe kwao. Hii si barua ya mtu na mtu tena. Inasomwa kwa sauti mbele ya wengi, inasafiri, inabadilishana na nyingine, na kwa hiyo inatunzwa. Hapa ndipo napata sifa tatu ambazo naona zinautofautisha waraka na barua katika Kiswahili cha leo: unatoka kwa mwenye cheo au wajibu fulani, unakwenda kwa wengi pamoja, na unakusudiwa usomwe hadharani na kuhifadhiwa. Angalieni kwamba katika sifa hizo tatu hakuna ile ya mzee wetu. Kutojibiwa si sehemu ya maana. Wakorintho walimwandikia Paulo maswali, na sehemu kubwa ya waraka wa kwanza kwao ni majibu ya maswali hayo. Mojawapo ya maswali yao, kwa kweli, lilikuwa juu ya ndoa.

Waraka makanisani na magazetini

Sehemu ya pili iliyolipa neno hili uzito ni ofisi. Huko Tanzania wizara ya elimu hutoa nyaraka zenye namba. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio uliofuta ada. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ndio uliofungua mlango kwa wanafunzi walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi darasani. Waraka wa namna hiyo ni agizo. Mwalimu mkuu haujibu, anautekeleza. Na katika wingi, nyaraka sasa ni kumbukumbu zozote za ofisi: nyaraka za siri, nyaraka za mahakama, nyaraka za taifa. Mzee wetu wa kanisa alikuwa karani wa wilaya kabla ya kustaafu. Nadhani waraka wake ulitoka huko zaidi ya kutoka kwa Paulo.

Kanisa Katoliki lina msamiati uliopangika zaidi. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Vatikani huita maandishi makubwa ya Papa kama Laudato Si' ya mwaka 2015 "Waraka wa Kitume". Amoris Laetitia ya mwaka 2016, inayohusu familia, huitwa "Wosia wa Kitume". Yale ambayo Papa huyatoa kwa hiari yake, Motu Proprio, huitwa "Barua binafsi". Wapo pia wanaosema "ensiklika", neno lililotokana na Kigiriki cha kuzunguka, yaani maandishi yanayopitishwa duara. Mimi napendelea waraka. Ensiklika humwambia msikilizaji kwamba jambo hili ni la wenye elimu. Waraka humwambia kwamba ni la kwake, alimradi aelezwe. Napenda pia wosia, kwa kuwa wosia katika nyumba zetu ni neno la mzazi ambalo watoto hukaa chini wakalizungumza.

Magazeti ya Tanzania nayo yamefanya jambo la kuvutia. Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa maandishi yaliyoitwa ujumbe wa Pasaka, yenye jina "Taifa Letu, Amani Yetu". Mwaka 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko kuhusu mkataba wa bandari, likasomwa makanisani. Wenyewe waliandika ujumbe, wenyewe waliandika tamko. Lakini mara zote mbili vyombo vya habari na watu mitaani walisema "waraka wa maaskofu", "waraka wa TEC". Hakuna aliyewaagiza. Walisikia sifa zile tatu: wenye cheo, kwa wengi, limesomwa hadharani. Na mara zote mbili waraka ulijibiwa. Ulijibiwa na viongozi, na waandishi, na waumini wenyewe, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Watumiaji wa lugha hawakuona mgongano wowote kati ya kuwa waraka na kujibiwa.

Kwetu Rwanda tunajua kwa nini hilo ni la maana. Tarehe 11 Februari 1959 Askofu André Perraudin wa Kabgayi alitoa waraka wa kichungaji wa Kwaresima uitwao Super omnia caritas. Wanahistoria hawajaacha kuujadili. Wengine huuona kama wito wa haki kwa wanyonge. Wengine husema kwamba kwa kuunganisha tofauti za maisha na tofauti za "rangi", uliyapa baraka ya Kanisa maneno ya mgawanyiko, miezi michache kabla ya ghasia za Novemba mwaka huohuo. Siandiki hapa ili kuuhukumu. Ninasema tu kwamba waraka unaosomwa altareni, mbele ya watu waliopiga magoti, una nguvu ambayo barua haina, na kwamba sisi tuliozaliwa baada ya 1994 hatuwezi kufurahia kuambiwa kwamba kuna maandishi ambayo kazi yetu ni kuyasikia tu.

Hoja pinzani

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii aliniuliza: kama waraka unajibiwa, na barua inajibiwa, kwa nini tusitumie barua kila mahali, kama Habari Njema? Aliongeza kwamba sisi Wanyarwanda tumekwisha kufanya hivyo. Katika misa ya Kikatoliki ya Kinyarwanda husomwa "ibaruwa" ya Pawulo, neno tulilolichukua kwa Waswahili wenyewe, ilhali Waprotestanti husoma "urwandiko". Waganda nao katika Biblia yao wana "ebbaluwa". Barua imesafiri mbali kuliko waraka, na hakuna aliyeona Paulo amepungua.

Hoja hiyo ni nzuri, nami nimeifikiria kwa siku nyingi. Jibu langu ni kwamba lugha yenye maneno mawili haipati faida kwa kulitupa moja. Ibaruwa inafanya kazi zote katika misa ya Kinyarwanda kwa sababu liturujia imelizungushia maneno mengine ya heshima, "mtakatifu", "mtume", "somo". Barua yangu ya Askofu haikuwa na uzio huo. Mama yule alisikia neno analolijua, akalichukua kwa uzito wake kamili, kama mtu anayejua adabu za barua: umeandikiwa, umeisikia, andika jibu. Sikuwa nimetafsiri vibaya kwa maana ya kamusi. Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho ofisi ya Askofu haikuwa tayari kukitoa.

Je, ningeandika waraka ningekuwa nimetafsiri vema? Kwa kipimo cha sifa zile tatu, ndiyo. Maandishi yalitoka kwa mwenye cheo, yalikwenda kwa wote, yalikusudiwa kusomwa. Leo ningeandika "Waraka wa Kichungaji wa Askofu". Lakini mzee alitaka waraka kwa sababu nyingine. Alitaka neno litakalomfanya mama yule arudi nyumbani kimya. Hapo ndipo natofautiana naye. Alitaka neno lifanye kazi ya mlinzi wa getini, na neno hili halina historia ya kazi hiyo. Waliolitumia pwani waliandikiana. Wakorintho waliuliza wakajibiwa. Hata mwalimu mkuu anayepokea waraka wa elimu hupiga simu wilayani kuuliza utekelezaji wake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba waraka ni neno la Kiarabu lililopewa ngeli ya Kibantu, kwamba lilianza kama barua ya kawaida, na kwamba Biblia na ofisi zimelipa cheo lilicho nacho leo. Nimependekeza sifa tatu za kulitofautisha na barua. Kwa wanaotafsiri maandishi ya makanisa, ushauri wangu ni kutumia waraka pale sifa hizo zilipo, na kuacha barua kwa maandishi ya mtu na mtu. Kwa wanaofundisha, ushauri ni kutaja nyaraka kila mara wanapotaja waraka, na kwa wanafunzi wa Kinyarwanda kuwakumbusha urwandiko. Kwa wazee wa kanisa sina ushauri, ila nawaomba wasiliongezee neno hili sifa ya nne.

Karatasi ya mama yule niliipeleka kwa mchungaji. Sikuisoma, ingawa haikuwa imefungwa kwa gundi. Mchungaji aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia ataifikisha panapohusika. Sasa ni miezi saba. Mama huja ibada ya saa tano, hukaa benchi la tatu kutoka mlangoni, na wengine wakiinuka kwenda Mezani yeye hubaki ameketi. Juzi aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna waraka wowote uliokuja. Sikumwambia kwamba alikuwa ametumia neno ninaloliandikia makala. Nilimwambia bado.